Mabaki ya utafiti: jinsi mwandishi wa vitabu anavyoweza kuwafikia wasomaji kwa njia ya blogu

Mwandishi wa Dar es Salaam anayelipia mwenyewe uchapaji wa riwaya yake hujikuta mara nyingi akiwa na nakala 500 zilizopangwa ukutani chumbani, na wanunuzi wasiozidi ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake. Nilikuwa katika hali hiyo kwa kitabu changu cha kwanza. Nilipeleka nakala 120 kwa msambazaji mmoja wa hapa mjini, nikapewa karatasi ya kupokelea mzigo, na baada ya miezi 14 nikarudishiwa nakala 70 zenye kona zilizokunjika pamoja na ahadi ya malipo ambayo hadi leo haijatimizwa. Kilichoniuma kuliko fedha ni kwamba sikumjua hata mmoja kati ya watu 50 walioondoka na kitabu changu: walikuwa akina nani, waliishi Mbagala au Mbeya, walikimaliza au walikiacha njiani, wangependa kingine au la.

Blogu ndiyo iliyonikutanisha na msomaji kabla hajanunua na baada ya kusoma. Katika mwongozo huu nitaeleza nini cha kuandika ndani yake, namna ya kuifungua, namna ya kuifikisha kwa watu, na mambo ya sheria na malipo ambayo mwandishi aliyeko hapa hana budi kuyazingatia. Nitakaa zaidi katika suala la nini cha kuandika, kwa sababu hapo ndipo blogu nyingi za waandishi zinapofia.

Andika kile ambacho watu tayari wanakitafuta

Kosa la kwanza ni kuifanya blogu kuwa ubao wa matangazo. Mwandishi anaweka picha ya jalada, muhtasari wa kitabu, bei na namba ya simu, kisha anasubiri. Mwezi wa pili anaweka tena jalada lile lile likiwa na maneno ya kuhimiza, na mwezi wa tatu hana la kusema. Mtu asiyekujua hana sababu ya kuandika jina lako katika Google, wala hawezi kutafuta kitabu ambacho hajui kama kipo. Hata hivyo, mtu huyo huyo kila siku anatafuta jambo fulani: asili ya jina la mtaa anaoishi, maana ya methali aliyoisikia msibani, taratibu za posa katika kabila la mchumba wake, historia ya jengo analolipita akienda kazini. Majibu ya kina kwa maswali ya aina hiyo bado ni machache mtandaoni kwa Kiswahili, na mwandishi wa riwaya, wa tamthilia au wa vitabu vya watoto ni mtu ambaye tayari ameyakusanya wakati akiandaa kazi yake.

Tuchukue mfano wa mwandishi ambaye riwaya yake inatokea Kariakoo. Ili aandike kurasa tatu za kuaminika kuhusu soko, amelazimika kujua kwamba jina la eneo hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao jeshi la Waingereza liliwaweka kambini hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, baada ya kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Amejua pia kwamba jengo kuu la soko, lenye nguzo zinazotanuka juu kama miavuli, lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na kwamba liliungua Julai 2021. Amekaa na wazee wa Mtaa wa Swahili, amesikia nani alikuwa akiuza nini na wapi. Ndani ya riwaya, mambo haya yote yanaingia kwa sentensi moja au mbili, maana mhusika anayekimbia na mfuko wa fedha hawezi kusimama kutoa maelezo kuhusu nguzo. Yanayobaki katika daftari ndiyo chakula cha blogu.

Kutoka katika daftari hilo moja zinapatikana makala sita au saba, kama vile asili ya jina, maisha ya wapagazi wenyewe, msanifu wa jengo na wazo lake, simulizi za wazee, maneno ya wachuuzi ambayo siku hizi hayasikiki tena. Kila makala ijitosheleze. Aliyekuja kutafuta asili ya jina Kariakoo aipate yote pale pale, bila kuambiwa anunue kitabu ndipo ajue. Mwishoni, katika aya moja fupi, mweleze kwamba mambo haya uliyachimba ulipokuwa ukiandika riwaya inayotokea mtaa huo, kisha mpe kiungo cha sura ya kwanza. Kwa miaka ambayo nimeifanya kazi hii nimeona kwamba msomaji aliyeridhika na jibu huwa na hamu ya kumjua aliyemjibu, ilhali aliyekatiwa maelezo katikati ili alazimike kununua huondoka na kinyongo na hasahau.

Kwa kuwa makala ya aina hii inasomwa kama habari ya kweli, uhakiki wake uwe mkali kuliko wa riwaya. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, uthibitishe mwaka na jina kabla ya kuchapisha. Na pale unapotegemea kumbukumbu ya mzee mmoja, sema wazi kuwa ni kumbukumbu ya mzee mmoja. Mtunzi wa mashairi atafanya vivyo hivyo kwa kufafanua msamiati na bahari, yaani aina, za ushairi anazotumia, na mwandishi wa watoto kwa kuzungumza na wazazi na walimu, kwa sababu watoto hawanunui vitabu.

Miadi na msomaji

Wasomaji wa Kiswahili wana mazoea ya muda mrefu ya hadithi za mfululizo magazetini. Mtu alijua kwamba siku fulani gazeti litatoka na sehemu inayofuata, na muuza magazeti wake alijua kumwekea nakala. Blogu inahitaji miadi ya namna hiyo. Chagua siku moja na uishike: ni heri makala moja ya Alhamisi kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima kuliko makala tano katika wiki ya kwanza na ukimya unaofuata. Usiifungue blogu kabla hujakamilisha makala sita na kuziweka akiba, kwa sababu utaugua, utasafiri, utapata msiba, na miadi itakuwa bado inakudai.

Wapo waandishi wanaochapisha riwaya nzima kwa mfululizo mtandaoni, na baadhi wamepata wasomaji wengi kwa njia hiyo. Mimi nashauri kutoa sura mbili au tatu za kwanza tu, kisha kuandika hadithi fupi maalumu kwa ajili ya blogu ukitaka mfululizo. Kwanza, kazi iliyokwisha kusomwa yote bure ni vigumu kumshawishi mchapishaji aigharimie. Pili, baadhi ya tuzo za uandishi hupokea miswada ambayo haijawahi kuchapishwa popote, na kuiweka mtandaoni kunaweza kuhesabiwa kuwa kuchapisha. Soma masharti ya kila tuzo unayoikusudia kabla hujaweka hata sura moja.

Umbo la makala

Mfikirie msomaji aliyesimama ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Ana bando dogo na kioo kidogo. Maneno 800 hadi 1,000 yanamtosha kwa safari hiyo, yakiwa katika aya fupi ambazo hazijazi kioo kizima. Maneno 1,000 yenyewe hayafiki hata kilobaiti 10; kinachomla bando ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu janja inaweza kuwa na megabaiti 3 au 4, kwa hiyo ipunguze kwa programu yoyote ya kuhariri picha hadi ishuke chini ya kilobaiti 200 ndipo uiweke. Picha iwe yako mwenyewe. Kuichukua ya mtu mwingine mtandaoni ni kuvunja ile ile hakimiliki unayotaka iheshimiwe katika vitabu vyako.

Kichwa cha makala kiwe na maneno yale yale ambayo mtu angeyaandika akitafuta. «Asili ya jina Kariakoo» kitapatikana; «Sauti za mji uliosahauliwa» hakitapatikana, hata kikiwa kizuri namna gani. Vichwa vya kishairi viwekee vitabu.

Aya ya kwanza ndiyo inayoamua kama msomaji ataendelea. Hii ni aya ya kwanza ya makala yangu ya zamani, kama nilivyoiandika: «Katika makala hii ya leo ningependa kuzungumzia kuhusu historia ya eneo la Kariakoo, ambalo ni eneo maarufu sana katika jiji letu la Dar es Salaam na ambalo kila mmoja wetu analifahamu.» Ina maneno mengi na haina hata jambo moja ambalo msomaji hakulijua. Nilipoirudia mwaka uliofuata niliandika hivi: «Watu walioupa mtaa huu jina walikuwa wakibeba risasi, unga na majeruhi katika vita isiyokuwa yao, na wengi wao hawakurudi makwao.» Makala ni ile ile, lakini sasa msomaji ana swali kichwani, naye ataisoma aya ya pili ili alipate jibu lake. Kila ninapomaliza makala, huifuta aya ya kwanza na kuangalia kama ya pili inaweza kusimama badala yake. Mara nyingi inaweza.

Kiswahili chako kiwe sanifu na kisafi, kwa kuwa blogu ni sampuli ya kitabu. Msomaji akikuta «h» imedondoka na nukta zimesahaulika, atadhani kitabu nacho kiko hivyo, na hatakuwa amekosea sana. Mpe mtu mwingine asome kabla ya kuchapisha.

Nyumba ya blogu

Huduma mbili zinazotumika sana ni Blogger, ambayo ni ya Google na hufunguliwa kwa akaunti ya Gmail bila malipo, na WordPress, ambayo unaweza kuanza nayo bure na baadaye kuihamishia kwenye tovuti unayoilipia. Yoyote kati ya hizo itakufaa, na muda wa kuchagua rangi na maumbo ni bora uutumie kuandika. Jambo moja tu ulilipie mapema: jina la tovuti, ambalo mafundi huliita domeni, liwe linaishia na .co.tz au .com. Litumie jina lako la uandishi, kwa sababu Mungu akipenda utaandika vitabu vingine, na blogu yenye jina la kitabu cha kwanza itakubana.

Sajili jina hilo kwa barua pepe yako mwenyewe. Mwandishi mmoja ninayemfahamu alimwachia fundi afanye kila kitu. Fundi akasajili kwa barua pepe yake, akahama mji na kubadilisha namba. Muda wa jina ulipokwisha hakukuwa na mtu wa kupokea ujumbe wa kukumbusha, na makala za miaka mitatu zikapoteza anwani yake. Nenosiri la barua pepe, la blogu na la mahali uliposajili jina viwe mikononi mwako, na nakala ya kila makala ibaki kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Kurasa za Facebook na Instagram zina manufaa ya kuwaelekeza watu, lakini ziko katika kiwanja cha wengine, na mwenye kiwanja anaweza kuzifunga wakati wowote.

Kuifikisha kwa watu

Google huleta wageni polepole. Inaweza kupita miezi sita kabla makala haijaanza kuonekana. Katika kipindi hicho, WhatsApp ndiyo barabara kuu ya mwandishi wa Kitanzania. Tengeneza orodha ya matangazo badala ya kundi, ili kila mmoja apokee ujumbe kama ametumiwa peke yake na asisumbuliwe na majibu ya wengine. Orodha moja huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako katika simu yake. Sharti hilo lina faida, kwa kuwa linakulazimisha kuomba ridhaa: «Naomba uihifadhi namba hii kama ungependa kupokea makala zangu kila baada ya wiki mbili.» Anayekubali anakuwa msomaji wa kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo walilokubali, hivyo namba za wasomaji wako usimpe mfanyabiashara mwingine, hata akiwa rafiki.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Huu ni mmoja wa niliowahi kutuma: «Habari za Alhamisi, ndugu msomaji. Leo nimeandika kuhusu wapagazi walioipa Kariakoo jina lake. Kama babu yako alikuwa mmoja wao, ningefurahi kusikia kutoka kwako.» Chini yake kiungo, basi. Makundi ya kamati za harusi na misiba yaache yafanye kazi yake; kiungo kinachotupwa katikati ya michango ya mazishi kinamvunjia mwandishi heshima.

Wasomaji wakijibu, nawe jibu, tena kwa adabu. Baada ya makala moja kuhusu usafiri wa zamani, mzee mmoja wa Ilala aliniandikia: «Mwanangu, basi hilo mwaka 1978 lilikuwa la UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, na kituo chake hakikuwa hapo ulipokiweka.» Nilimjibu kwa shikamoo, nikampigia simu, tukazungumza karibu saa nzima. Nilirekebisha makala, nikaandika chini yake kwamba imerekebishwa kutokana na maelezo ya msomaji, na katika toleo la pili la riwaya kituo kikahamia mahali pake. Mzee huyo sasa husoma miswada yangu kabla haijaenda kwa mchapaji, na amenionya dhidi ya makosa ambayo hakuna mhariri kijana angeyagundua.

Sheria, na kununua

Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotungwa mwaka 2018, zikatungwa upya mwaka 2020 na kufanyiwa marekebisho tena mwaka 2022. Kwa kuwa zimebadilika mara kadhaa, usitegemee maneno ya mtaani wala makala ya zamani: uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ofisi zake hapa mjini ziko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, ueleze unachokusudia kuchapisha na uambiwe kama kinahitaji leseni. Blogu ya hadithi na utafiti wa mwandishi ikae katika mambo hayo. Ukianza kuweka habari za matukio na siasa umeingia katika kazi nyingine yenye masharti yake. Kuhusu hakimiliki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoiandika, lakini usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, hukupa ushahidi siku utakapokuta sura zako zimewekwa kwingine kwa jina la mtu mwingine.

Msomaji anapoamua kununua, asihangaike. Mwisho wa kila makala uwe na bei kwa shilingi, lipa namba (namba yako ya kupokea malipo kwa simu) pamoja na jina litakalotokea kwenye simu yake anapolipa, na maelezo ya namna atakavyopata mzigo. Jina hilo ni muhimu, kwa sababu watu wengi wameshatapeliwa na huacha kulipa wakiona jina wasilolitarajia. Kwa waliopo mjini, taja duka moja au mawili yaliyopokea nakala zako. Kwa waliopo mikoani, kifurushi hupelekwa Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, na kukabidhiwa kwa basi la mkoa husika. Andika juu yake jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito, funga kitabu kwa nailoni ndani ya bahasha kwa ajili ya mvua, na umtumie mpokeaji picha ya risiti ya basi siku hiyo hiyo.

Kabla hujafunga kifurushi, hakikisha kitabu chenyewe kinataja blogu. Katika ukurasa wa mwisho wa riwaya yangu ya pili nilichapisha anwani ya tovuti na mstari mmoja: «Simulizi za wazee waliosaidia kitabu hiki zinaendelea hapa.» Vitabu vyetu huazimwa, nakala moja hupita kwa dada, kwa jirani, kwa mwalimu wa kwaya, na mwandishi hapati habari. Tangu niweke mstari ule, takriban kila mwezi napokea ujumbe kutoka kwa mtu aliyeazimwa kitabu, akiuliza nakala yake mwenyewe ataipata wapi.